Kaka yangu ni wa Mwanjelwa, mbona anavaa njano?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mbeya, shabiki wa Mbeya City tangu niko shule ya msingi. Siku Yanga walipokuja Sokoine nilivaa zambarau yangu, nikaenda uwanjani na kaka. Kaka amezaliwa Mwanjelwa, amesoma hapahapa, ana duka Kabwe, na Dar es Salaam hajawahi kukaa hata mwezi. Alikuja amevaa njano na kijani toka kofia mpaka soksi. Kila mpira uliosogea golini kwetu aliruka. Kipa wetu akidaka, anashika kichwa kama kafiwa. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, akanijibu: "Mbeya City ni ya halmashauri. Yanga ni yangu." Sijamwelewa mpaka leo. Mtu anawezaje kushangilia timu ya mji mwingine ije imfunge nyumbani kwake? Huu si usaliti?

Marahaba, mdogo wangu, na poleni na safari ya kurudi nyumbani mkiwa mmenuniana.

Nimefundisha sosholojia ya michezo miaka mingi, na kazi yangu kubwa imekuwa kukaa majukwaani nikiwatazama watu badala ya kuutazama mpira. Kwa hiyo nisikilize nikikwambia kwamba kaka yako amekujibu vizuri kuliko madaftari yangu. Shida ni kwamba amekujibu kwa sentensi mbili fupi, nawe ulikuwa na hasira. Ngoja nizifungue taratibu.

"Mbeya City ni ya halmashauri." Hilo ni kweli tupu, timu iliundwa na Halmashauri ya Jiji na ndiyo iliyoilea. Mwenye duka anaijua halmashauri yake kwa risiti za ushuru na leseni ya biashara. Si ubaya, ila mtu hapendi kwa njia hiyo. Na hapa Mbeya haiko peke yake. Angalia timu za mikoani tulizozijua sisi tuliokula chumvi nyingi: Reli ya Morogoro ilikuwa ya shirika la reli, Bandari ya Mtwara ya bandari, Pamba ya Mwanza jina lake lenyewe linakwambia zao lililoilisha, na hapo kwenu mlikuwa na Mecco, timu ya kampuni ya ujenzi. Ongeza Prisons, ongeza timu za jeshi na polisi. Nyingi zilikuwa timu za mwajiri. Wachezaji waliajiriwa, basi lilikuwa la kazini, na jezi ilitoka stoo ya kazini. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba miaka ya 1980 na kuuzwa au kufungwa miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilikwenda nayo. Shabiki aliyekuwa akizipenda aliamka siku moja akakuta uwanja upo, timu haipo.

Unaweza kuniambia hayo ni mambo ya zamani. Haya, chukua la juzi, tena la mkoa wako. Ihefu ya Mbarali. Novemba 2022 pale Highland Estates, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga ilikuwa haijafungwa. Mwaka uliofuata, Oktoba, Yanga wakarudi palepale wakachapwa tena 2-1. Kama kuna mji uliostahili kuwa na timu yake ya kufa na kuzikana, ni ule. Msimu ule wa pili haukwisha vizuri kwa watu wa Mbarali: timu ilihamishiwa Singida, na 2024 ikabadilishwa jina, sasa inaitwa Singida Black Stars. Mtoto wa Mbarali aliyekuwa na miaka kumi siku ile Yanga walipofungwa, leo umwambie ashangilie nani? Timu iliyopandishwa kwenye lori ikaenda mkoa mwingine? Sitashangaa hata kidogo nikimkuta na jezi nyekundu au ya njano. Simba na Yanga, kwa vurugu zao zote za uongozi na kesi zao zisizokwisha, hawajawahi kuhama Kariakoo. Mmoja yuko Mtaa wa Msimbazi, mwingine Jangwani kwenye kona ya Mtaa wa Twiga, unatoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa miguu bila kutoka jasho.

Kumbe basi unapomwambia kaka yako "timu ya nyumbani", yeye anasikia kitu ambacho kinaweza kuuzwa, kuhamishwa au kushuka daraja kikapotea. Mbeya City yenyewe ilishuka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo, na imerudi 2025. Miaka ile ya kati wewe ulikuwa unakwenda kuitazama. Nakupa heshima yako. Lakini walio kama wewe ni wachache popote duniani.

Sasa sentensi ya pili, "Yanga ni yangu". Hii ndiyo nzito.

Nikueleze jambo la nyumbani kwetu Tanga. Baba yangu alikuwa Coastal Union wa damu. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, nyumba yetu ilipikwa pilau kama siku ya Idi. Lakini siku Yanga wanacheza Dar, asubuhi na mapema mzee alianika betri za redio juu ya bati zipate jua, maana zilikuwa zimechoka na za kununua hakuna. Saa kumi kasoro zinarudishwa, redio inawekwa dirishani na kitambaa chake cha kufuma, na sisi watoto ole wetu tukikohoa. Uwanja wa Taifa mzee alikuwa hajauona kwa macho. Aliujua kwa sauti ya mtangazaji, alijua upande gani kuna jua, alijua mawinga wa Yanga wanavyokimbia, na akituigiza tulikufa kwa kucheka. Coastal na Yanga walipokutana Mkwakwani, alivaa kanzu nyeupe kwenda uwanjani. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa: nyeupe tupu, asije akaulizwa yuko upande gani. Alikaa kimya dakika zote tisini.

Redio, mdogo wangu, usiidharau. Kwa miongo mitatu hivi nchi hii ilikuwa na redio moja iliyosikika kila wilaya, Radio Tanzania Dar es Salaam, na mechi kubwa zilizotangazwa zilikuwa za Dar. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa 1986, hapo Rungwe tu, lakini mtoto wa Newala au Kasulu angewajulia wapi? Wachezaji wa Simba na Yanga waliingia vyumbani mwa watu kupitia dirisha lile lile zilikoingia taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Jambo hili lilitokea Brazil pia, karibu nukta kwa nukta. Rádio Nacional ya Rio de Janeiro, iliyoanza 1936, ilisikika mpaka kaskazini mwa nchi na Amazoni, na hadi leo Flamengo, timu ya Rio, ina mashabiki wengi kupindukia katika miji iliyo maelfu ya kilomita kutoka Rio, yenye timu zake nzuri tu. Wenye timu za huko wanakasirika kama wewe.

Redio peke yake haitoshi lakini. Redio inaeleza timu ilivyoingia nyumbani, haielezi kwa nini imekaa. Wengi hujibu haraka kwamba ni mafanikio, watu wanapenda washindi. Mimi jibu hilo huwa nalitilia mashaka, na nina ushahidi wa aina mbili. Kwanza, Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo hadi 2021, kisha Yanga wakachukua mara nne mfululizo hadi 2025. Kama watu wangekuwa wanafuata ushindi, tungeona bahari ya jezi zikibadilika rangi kila baada ya miaka minne. Umewahi kumwona Yanga aliyehamia Simba mwaka 2020? Mimi sijamwona, na ndiyo kazi yangu. Pili, Azam. Ina uwanja wake Chamazi, mishahara inalipwa kwa wakati, iko Dar es Salaam hiyohiyo, na 2013/14 ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mashabiki wako wapi? Wapo, wanatosha kwenye jukwaa moja na nafasi ya kunyoosha miguu inabaki. Kila nyumba inaijua Azam kwa unga na juisi, na king'amuzi cha Azam ndicho kinachowaletea Simba na Yanga sebuleni, lakini hakuna anayenuna timu ile ikifungwa. Nadhani ndipo siri ilipo. Azam haina mtani.

Hapa nikae kidogo, maana ndilo jibu langu lenyewe. Tunasema watani wa jadi na tumelizoea neno mpaka halisikiki. Mtani siyo adui. Mnyamwezi na Mzaramo wakitaniana, mmoja anaweza kumwita mwenzake mtumwa wake, akamchukulia kuku wake, na siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika, anafanya vituko makaburini watu wacheke huku wanalia. Utani unataka mtu aliye karibu nawe, unayekutana naye kila siku, ambaye ana ruhusa ya kukukera. Simba na Yanga waliupokea mkondo huo wakausambaza nchi nzima bila kujali kabila, dini wala mkoa. Ndiyo maana kwa Mtanzania swali "wewe ni timu gani?" lina majibu mawili, na anayejibu la tatu anaulizwa tena: "Hapana, kati ya Simba na Yanga."

Fikiria maisha ya kaka yako pale Kabwe. Kila anayemzunguka ni mtu wa Mbeya. Akiwa Mbeya City, atamtania nani? Jirani yake naye ni Mbeya City. Wakifungwa wamefungwa wote, wakishinda wameshinda wote, saa mbili asubuhi mada imekwisha. Lakini akiwa Yanga, muuza vitenge wa mbele ni Simba, bodaboda wawili kati ya wanne wa kijiwe chake ni Simba, mama ntilie ni Simba tena wa kulala na jezi. Ana maneno ya kutumia wiki nzima. Anaitwa Utopolo, naye anawaita Kolo. Timu hiyo unayoiita ya mji mwingine ndiyo inayomuunganisha na watu wa mtaa wake mwenyewe. Mji wa Dar es Salaam hauhusiki sana. Ungemwambia Yanga imehamia mwezini, Jumatatu angefungua duka na tambo zilezile.

Novemba 2023 nilikuwa Makambako kwa shughuli zangu, siku chache baada ya Yanga kuifunga Simba 5-1. Pakatokea msiba, mzee mmoja wa tawi la Simba. Vijana wa tawi la Yanga, ambalo liko ng'ambo ya barabara, ndio waliochimba kaburi. Mmoja akatoka shimoni kapakaa udongo mpaka kiunoni, akanyoosha vidole vitano kwa wafiwa, hakusema neno. Mtoto mkubwa wa marehemu akacheka hadi akashikwa na kwikwi ya kilio. Kisha vijana wakarudi kazini. Jioni nikaona daftari la rambirambi: tawi la Yanga limechanga zaidi ya watu wa ukoo. Niambie, ni klabu gani ya mkoani yenye kitu kama hicho? Tawi ni bendera, benchi, televisheni na daftari la michango, lakini lipo kila mji. Mwalimu akihamishwa kutoka Mbeya kwenda Kibondo hana ndugu wala jamaa, ila siku ya kwanza anaona bendera ya rangi yake imechomekwa kwenye banda, anajua pa kukaa. Mapenzi yake kwa Mbeya City yangebaki stendi.

Kwa wenzetu wa Kenya mambo yako tofauti kidogo. Gor Mahia na AFC Leopards makazi yao ni Nairobi, lakini mtu wa Kisumu akiishangilia Gor haoni kama anashangilia mji mkuu. Anashangilia ndugu zake waliokwenda mjini kutafuta kazi wakaunda timu, na ile ya Leopards ilianza ikiitwa Abaluhya. Gor ilipochukua Kombe la Washindi la Afrika 1987, sherehe za Kisumu zilikuwa za mwenye mali. Italia nako, Juventus wa Torino wana mashabiki wengi kusini, Calabria na Sicilia, na moja ya sababu ni maelfu ya vijana wa kusini waliopanda treni kwenda kufanya kazi kiwanda cha Fiat, mali ya familia ileile yenye Juventus. Wakirudi likizo walirudi na rangi za timu. Kwa hiyo kuna timu inayosafiri kwa damu, kuna inayosafiri kwa kazi, na kuna yetu iliyosafiri kwa redio na utani.

Yanga na Simba pia ni wazee kuliko nchi yenyewe. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, enzi hizo haikuitwa Simba. Baadaye ilikuwa Sunderland mpaka 1971. Yanga ilikuwa karibu na harakati za TANU, na wazee wengi wa bara waliichukua kwa sababu hiyo kabla hata hawajajua mpira unachezwaje. Siku hizi sababu hiyo imebaki kwenye hadithi za wazee. Mjukuu ameirithi timu bila kuirithi sababu.

Sasa usinielewe vibaya kwamba timu ya mkoa haiwezi kupendwa. Wewe ulikuwa mtoto, lakini huenda unakumbuka msimu wa 2013/14. Mbeya City, ndiyo kwanza imepanda daraja, chini ya Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Zambarau ilijaa barabarani, mabasi yalikodiwa kuifuata timu ugenini, Sokoine watu walikaa mpaka juu ya miti. Nilidhani tunaona kitu kipya kikizaliwa, na niliandika hivyo, ikabidi nimeze maneno yangu. Mwaka 2015 Deus Kaseke akachukuliwa na Yanga, wengine nao wakatawanyika, na kabla mwaka haujaisha Mwambusi mwenyewe alikuwa benchi la Yanga kama msaidizi. Mtu wa Mbeya aliyempenda Kaseke angefanya nini? Alimfuata. Alianza kutazama mechi za Yanga ili amwone kijana wake, na kwenye kutazama huko akazoea. Muulize kaka yako alianza lini hasa kuvaa njano. Sitashangaa tarehe zikilingana.

Wenye timu za mikoani wenyewe wanachangia, niseme ukweli. Mechi ya Simba au Yanga ndiyo siku yao ya mapato, tiketi zinapandishwa bei, jezi za wageni zinauzwa mlangoni kuliko za wenyeji, na nimewahi kuona mwenyeji akiwapa wageni jukwaa lenye kivuli kwa sababu ndio waliolipa wengi. Ukikaa juani kwenye uwanja wako unaanza kupata ujumbe.

Umeuliza kama ni usaliti. Hapana. Msaliti ni yule aliyeapa kisha akageuka, na kaka yako hakuapa. Halmashauri iliunda timu, haikumuuliza. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni waliokuwa na uwanja umejaa 2014 wakashindwa kuwapa watu wale kadi, tawi, au hata kiti kwenye mkutano. Yanga wana wanachama wanaopiga kura na kupigana ngumi kwenye mkutano mkuu. Ni fujo, lakini mtu hapigani kwa ajili ya kitu kisicho chake.

Kuna jambo moja hukuliona siku ile kwa sababu ulikuwa unamtazama kaka tu. Wale waliokaa nawe upande wa zambarau, waliopiga kelele kuliko wewe, uliwafahamu wote? Nimekaa kwenye majukwaa ya namna hiyo Sokoine, Kirumba, Mkwakwani, Majimaji. Yanga wakija, nusu ya wanaoimba wimbo wa wenyeji ni Simba. Wameazima jezi kwa saa mbili. Ihefu walipoifunga Yanga, waliocheza mpaka usiku si Mbarali tu, ni kila kijiwe cha Simba kuanzia Bukoba hadi Masasi, na Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 dhidi ya USM Alger, sijui kama kule Algiers kulikuwa na maombi mazito kuliko ya Msimbazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama ratiba, subiri siku Simba watakapopanda Mbeya. Usimwambie kitu kaka yako, nenda zako mapema ukatafute nafasi. Ninavyowajua watu hawa, kabla mpira haujaanza utamwona anapanda ngazi kuja upande wako, kavaa zambarau ya kuazima inayombana tumboni, na atapiga kelele kwa ajili ya Mbeya City mpaka sauti imkauke. Msogezee nafasi akae. Na kwa kuwa umeniuliza mengi, nami nikuulize moja: barua yako ndefu hii yote, hujaniambia wewe mwenyewe ni timu gani. Kati ya Simba na Yanga.